Bibi wa Chini na Ndugu Zake wa Vitabuni

Mwaka huu nimesoma riwaya tisa bila ya mpango. Baadhi nilizirudia baada ya miaka mingi, nyengine nilizifungua kwa mara ya kwanza: mbili za upelelezi, tatu za dhuluma na mapambano ya Unguja, moja ya mzuka, moja iliyozaliwa kwa Kiingereza na kurejeshwa kwa Kiswahili, na mbili za Kiarabu zilizoandikwa na mwandishi wa hapa Oman. Sikuwa na nia ya kutafiti jambo lolote. Nilitaka kusoma kama nilivyokuwa nikisoma utotoni, yaani kwa ulafi. Lakini kufika kitabu cha nne nikatanabahi kwamba kuna mtu mmoja anayenifuata kutoka jalada hadi jalada. Hubadilisha jina, umri na hata jinsia, lakini kazi yake ni ile ile. Ndiye anayefungua mlango, anayekuna nazi, anayemwogesha mtoto wa bwana, na anayebaki pale wengine wote wanapoondoka.

Nilimtambua upesi kwa sababu mtu wa namna hiyo ndiye aliyenilea.

Kwetu tulikuwa na bibi wawili. Mmoja alikuwa mama yake baba. Wa pili tulimwita Bibi wa Chini. Jina hilo lilitoka katika nyumba ya Mji Mkongwe, ambamo wenyewe walilala ghorofani na yeye akalala chini, baina ya mlango mkubwa na ghala. Mwaka 1971 aila yetu ilipohamia Maskati, nyumba tuliyopanga haikuwa na ghorofa. Bibi zetu wawili walilala katika sakafu moja, vyumba vyao vikitazamana, na bado yule mmoja akaendelea kuitwa Bibi wa Chini. Nilikuwa mtu mzima nilipolisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimelitamka maisha yangu yote.

Kisheria hakuwa mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alilazimishwa na Waingereza kuutia saini. Mwaka 1897, katika utawala wa Sayyid Hamoud bin Muhammed, ikatoka amri ya kuifuta hali ya utumwa yenyewe. Amri hiyo ilikuwa na masharti yanayostahili kuangaliwa kwa makini na kila anayependa riwaya za kwetu. Haikumwachia huru kila mtumwa siku ile ile. Ilimtaka mtumwa mwenyewe aende mahakamani aombe uhuru wake, na mwenyewe bwana alipwe fidia. Masuria hawakuhusishwa: walihesabiwa kama wake, na hawakuweza kudai uhuru ila kwa sababu ya ukatili. Ilipofika 1909 ndipo amri nyengine ilipoufuta utumwa wote, masuria wakiwemo. Bibi wa Chini alizaliwa baada ya hapo, kwa hivyo alikuwa huru tangu alipotoka tumboni. Mama yake alikuwa mzalia wa nyumba ya babu wa babu yangu. Yeye akakulia pale pale, akazeekea pale pale, na sijapata kusikia kwamba aliwahi kulipwa mshahara.

Tazama sasa namna sheria ile ilivyoiumba historia. Aliyekwenda mahakamani aliandikwa: jina lake, la bwana wake, pengine na la kabila lake. Aliyebaki hakuandikwa na mtu. Daftari za serikali zimejaa walioondoka, na waliobaki, ambao walikuwa wengi mno, wameachiwa hadithi za aila, na hadithi hizo zimesimuliwa na wale waliokuwa wakilala juu. Hii ndiyo sababu nimeanza kuzisoma riwaya kama mtu anayetafuta nyaraka. Najua hatari yake. Mwandishi wa riwaya hakula kiapo. Lakini pale ambapo karani hakufika, mwandishi wa riwaya amefika angalau na taa.

Nianze na zile ambazo sikumkuta, au nilimkuta kwa mbali. Riwaya za Bwana Msa nimezirudia kwa furaha ile ile ya utotoni. Muhammed Said Abdulla alishinda mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, ikachapishwa 1960, na mpaka leo sijaona mwandishi wa upelelezi wa Kiswahili anayeweza kumfanya msomaji acheke na kufikiri katika sentensi moja kama yeye. Watu husema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu, na kiko chake hakiwasaidii wanaotaka kukanusha. Mimi naona amekuwa zaidi ya hapo. Ni Mswahili anayeamini kwamba kila mzimu una mtu nyuma yake. *Kisima cha Giningi* ilitoka 1968, miaka minne baada ya mapinduzi, na bado ulimwengu wake ni Unguja ile ya kale, kana kwamba tarehe 12 Januari 1964 haijafika. Zamani nililiona hili kuwa ni woga wa mwandishi. Siku hizi nadhani ni masharti ya fani: upelelezi unataka jamii iliyotulia ili mauaji ya mtu mmoja yashtue. Ila kuna jambo linalonikera. Bwana Msa, hodari wa kusoma alama za viatu na majivu ya sigara, mara chache sana humtazama mtumishi zaidi ya haja ya ushahidi wake. Mtumishi huulizwa alichokiona, hujibu, huondoka. Hakuna anayemuuliza analala wapi.

*Babu Alipofufuka* ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka 2001, nimeipenda nusu. Kigogo K anatokewa na babu yake aliyekufa na kuchukuliwa kuoneshwa yale ambayo hakutaka kuyaona. Maono yake ni makali na Kiswahili chake ni cha kuonea wivu, lakini mara kadhaa niliona mzuka unahutubia pale ambapo ungetosha kunyamaza. Nikajiuliza pia, na hili si kosa la mwandishi, kwa nini katika fasihi yetu wanaofufuka kuja kutudai hesabu ni mababu. Bibi zetu hulala kimya makaburini. Labda walizoea.

Katika *Utengano* ya mwandishi huyo huyo (1980) nilikuwa nimemsahau kabisa Biti Kocho. Wengi wetu tuliisoma tukimfuata Maimuna, binti aliyefungiwa ndani, na baba yake Maksuudi. Safari hii jicho langu lilimwangukia mtumishi wa nyumba, mwanamke ambaye bwana wake hamhesabu kuwa na akili ya kutosha kumchukia, na ambaye ana mkono wake katika kuufungua ule mlango. Kwa kurasa chache tunaoneshwa kwamba utiifu waweza kuwa vazi tu. Ningependa kukaa naye zaidi. *Vuta n'kuvute* ya Adam Shafi nayo (1999) ni riwaya nzuri kuliko zote za mwandishi wake. Yasmin, Denge na Mwajuma wanapumua, na Unguja ya miaka ya 1950 inanukia. Lakini humo watu wanahama, wanapendana, wanatorokana. Ni riwaya ya waliotoka. Mimi namtafuta aliyebaki.

Huyo yumo katika *Kasri ya Mwinyi Fuad*, tena amepewa jina lisilo na staha: Kijakazi. Mtoto wa kike wa utumwani. Adam Shafi aliichapisha Dar es Salaam mwaka 1978, katika zama ambazo riwaya ilitazamiwa ifundishe, na hii inafundisha bila ya kuona haya. Mwinyi Fuad ni bwana shamba dhalimu asiye na tone la wema. Vuai ni kijana aliyeamka. Kati yao yuko Kijakazi, anayempenda na kumtumikia bwana anayemtukana, na ambaye moyo wake hauhami haraka hata mapinduzi yanapomfungulia mlango.

Kitabu hiki hakikuwa kikisomwa nyumbani kwetu. Nilikipata kwa rafiki nilipokuwa mwanafunzi, nikakifungia ndani ya gazeti. Baba alikuwa akisema ni kitabu cha watu waliotufukuza. Nilikichukia, na nilidhani nakichukia kwa sababu za fani: wahusika ni bapa, mwandishi anawavuta kwa kamba, bwana ni shetani mno kuaminika. Nimekirudia mwaka huu nikiwa na mvi, na bado nasema kasoro hizo zipo. Mwandishi anapotaka tuone ujinga wa Kijakazi huuonesha mara tatu pale ambapo mara moja ingetosha. Anamfanya mfano wa mtu asiyejijua, na mtu akishakuwa mfano, hana nafasi ya kuwa na sababu zake mwenyewe. Hata hivyo sasa nakiri kilichonichoma wakati ule hakikuwa fani. Ni kwamba Adam Shafi alithubutu kumweka katikati ya riwaya mtu ambaye kwetu alikuwa pembeni ya mkeka, na akauliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza katika nyumba yetu: kwa nini huyu mwanamke anaendelea kupika?

Jibu lake ni kwamba amepofushwa. Jibu la aila yangu lilikuwa kwamba anatupenda. Kwa miaka mingi niliyaona majibu haya kuwa ni maadui. Siku hizi nayaona ni mapacha. Yote mawili yanamnyima Bibi wa Chini akili ya kupima mambo.

Hapo ndipo Jokha Alharthi aliponisaidia. *Sayyidat al-Qamar* ilitoka kwa Kiarabu 2010, na tafsiri yake ya Kiingereza, kazi ya Marilyn Booth, ikapata tuzo ya kimataifa ya Man Booker mwaka 2019. Huku kwetu wengi waliisifu kabla ya kuisoma na wengine waliilaumu kwa utaratibu huo huo. Ni riwaya ya kijiji cha al-Awafi, ya dada watatu na ndoa zao, lakini kwangu mimi moyo wake ni Zarifa, mjakazi wa tajiri Sulayman na mlezi wa mwanawe Abdallah aliyefiwa na mama. Mwandishi anafanya jambo la ujanja na la uchungu: Zarifa anazaliwa tarehe 25 Septemba 1926, siku ile ile ambayo mataifa yalikuwa Geneva yakitia saini mkataba wa kuupiga marufuku utumwa. Mama yake anajifungua peke yake. Habari za Geneva hazimfikii.

Hapa Oman utumwa ulifutwa mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika madaraka. Watu niliosoma nao skuli ni watoto wa waliozaliwa watumwa, na ni jambo lisilosemwa katika meza ya chakula. Jokha amelisema. Na amelisema bila ya kumfanya Zarifa malaika wala mpumbavu. Zarifa ana ulimi, ana matamanio, ana karamu zake za ngoma. Anamtii tajiri Sulayman na pia anamtawala kwa namna yake. Mumewe Habib ni mtu aliyetekwa utotoni kutoka pwani ya Makran, naye haachi kulalamikia kuibiwa kwake mpaka siku anapoondoka. Tukumbuke hili sisi tunaodhani kila mtumwa alitoka bara la Afrika. Mwanawe Sanjar anaposema kwamba sheria imewaacha huru na hawana deni kwa tajiri, na kwamba atakwenda zake Kuwait, Zarifa anakasirika. Anaona tusi, na pia anaona kwamba mwanawe anavunja nyumba pekee anayoijua.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini, nikatoka nje. Sanjar wa kwetu alikuwepo pia. Bibi wa Chini alikuwa na mpwa aliyebaki Unguja, ambaye nasikia alimtumia salamu kwamba arudi. Siijui jawabu aliyopewa.

Nina lawama moja kwa *Sayyidat al-Qamar*. Sehemu kubwa ya yale tunayojua juu ya Zarifa yanapitia kumbukumbu za Abdallah, akiwa ndani ya ndege, mtu mzima mwenye huzuni anayemlilia mlezi wake. Ni mapenzi ya kweli, na ndiyo yanayonitia shaka. Mtoto aliyelelewa humkumbuka mlezi kwa kipimo cha joto alilompa. Hajui alikuwa akifikiri nini alipomaliza kumlaza. Mimi ni Abdallah, kwa hivyo najua ninachokilaumu. Zamani Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyekwenda Ujerumani na kuitwa Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake za 1886 kwamba utumwa wa kwetu haukuwa kama wa Wazungu wanavyodhani. Aliandika kwa mapenzi, na mama yake mwenyewe alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkes. Mapenzi ya anayetumikiwa ni ushahidi, lakini ni ushahidi juu yake mwenyewe.

Nyaraka niliyokuwa nikiitafuta niliikuta mahali ambapo sikutarajia, katika kurasa chache za *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah. Asili yake ilitoka 1994. Tafsiri ilichapishwa 2022 na Mkuki na Nyota, baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Niliwahi kuisoma kwa Kiingereza nikaistahi. Kwa Kiswahili niliisikia. Mazungumzo ya wale wafanyabiashara na wapagazi yamerudi kwao, na mzaha wao, ambao kwa Kiingereza ulikuwa na adabu kidogo, umepata tena harufu ya baraza. Wako wanaosema Gurnah angeandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Siyapendi malalamiko hayo. Mtu aliyeondoka kwao akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960 aliandika kwa kalamu aliyoikuta mkononi, na lugha yetu imepata zawadi kwa njia ya mzunguko.

Yusuf, shujaa wa riwaya, ni mtoto aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake. Lakini mtu ninayemtaka ni mtunza bustani, Mzee Hamdani. Ni mtumwa aliyepewa uhuru na bibi yake alipoolewa, naye akabaki bustanini. Yusuf, kama Adam Shafi na kama mimi, hawezi kuelewa. Anamuuliza mzee kwa nini hakuondoka. Na mzee, ambaye kabla ya hapo tulimdhani ni bubu wa ibada na maua, anajibu kwa swali: huyo aliyempa uhuru aliutoa wapi? Nani alimwambia kwamba ulikuwa mali yake, hata aweze kuugawa? Wanaweza kumfunga, kumpiga, kumtumikisha, lakini uhuru wake haumo katika vitu walivyomiliki, kwa hivyo hawana cha kumrudishia.

Sijui riwaya yoyote ya pwani yetu iliyoigeuza meza kwa maneno machache kama hayo. Mapinduzi, sheria ya 1897, amri ya 1909, karamu ya harusi, zote zinakaa upande mmoja: ni mikono inayotoa. Mzee Hamdani hakubali kuwa mkono unaopokea. Hakubaki kwa sababu ya mapenzi, wala hakubaki kwa ujinga. Alibaki kwa sababu kuondoka kungekuwa ni kutia saini hati ya kwamba kabla ya siku ile alikuwa wao.

Nakubali kwamba hili nalo laweza kuwa ni pambo la mwandishi. Watumwa wangapi walikuwa na anasa ya kufikiri hivyo? Mwanahistoria atataja sababu zenye vumbi zaidi. Aliyeacha nyumba aliacha pia kiwanja cha kulima, mtu wa kumwozea wanawe na watu wa kumvisha sanda. Katika jamii ambayo mtu bila ya ukoo ni mtu bila ya dhamana, ukoo wa kuazima ulikuwa bora kuliko kukosa. Walioondoka walihitaji mahali pa kufikia. James Mbotela, katika *Uhuru wa Watumwa* ya 1934, aliwaandika waliopata pa kufikia, yaani kijiji cha wamishenari cha Freretown karibu na Mombasa, na shukrani zake kwa Waingereza zinamwagika kila ukurasa. Aliyekuwa Mwislamu, mwanamke na mzalia, katika nyumba ya Mji Mkongwe, angekwenda Freretown gani? Yote haya ni kweli. Lakini Mzee Hamdani alinipa kitu ambacho takwimu haziwezi kunipa, nacho ni dhana kwamba ndani ya kubaki kunaweza kuwamo hoja.

Na hapo ndipo hadithi ya aila yetu ilipoanza kunifumka mkononi.

Hadithi yenyewe ni hii. Baada ya mapinduzi serikali ilitaifisha mashamba na, kuanzia 1965, ikawagawia watu ardhi kwa vipande vya eka tatu tatu. Shamba la babu lilikuwa miongoni mwao. Tumekua tukiambiwa kwamba Bibi wa Chini angeweza kupata eka tatu zake, tena katika ardhi ile ile aliyoitumikia mama yake, naye alikataa ili afuatane nasi. Hadithi hii ilisimuliwa kwa wageni. Ilisimuliwa katika matanga yake mwaka 1989. Ilikuwa ushahidi wetu, jawabu letu kwa Adam Shafi na kwa kila aliyesema kwamba wazee wetu walikuwa madhalimu: mtazameni, alikuwa na ardhi, akatuchagua sisi.

Riwaya ya tisa ilikuwa *Narinja*, ya Jokha vilevile, iliyotoka 2016. Zuhour ni mwanafunzi wa Kiomani huko Uingereza, katika theluji, anayeandamwa na kumbukumbu ya Bint Aamir, mwanamke aliyemlea baba yake kisha wao. Bint Aamir hakuwa mtumwa. Alikuwa jamaa maskini aliyehifadhiwa. Waliita bibi, naye si bibi yao. Maisha yake yote alitamani kipande cha ardhi kiwe chake, alime, na hakukipata. Kama riwaya, *Narinja* ni dhaifu kuliko ile ya kwanza. Mambo ya wanafunzi wa kigeni na mapenzi yao yananichosha, na nilikuwa nikiyapitia mbio nirudi kwa kizee. Lakini ile tamaa ya ardhi ilinitoa usingizini. Nikaona ghafla kwamba hadithi yetu inamhusu mwanamke aliyekataa shamba, na kwamba hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kueleza ni siku gani aliulizwa.

Nikampigia simu shangazi, wa mwisho aliyebaki katika waliovuka. Nilimuuliza nani alimuuliza Bibi wa Chini, na alijibu nini hasa.

Shangazi alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Mwanangu, mambo ya kuulizana yalikuwepo siku hizo? Babu yako alisema tufunge mizigo, tukafunga. Na yeye akafunga."

"Lakini si tumesema siku zote kwamba alikataa eka tatu?"

"Hilo kalisema baba yako. Mimi nililisikia Maskati."

Nikamuuliza jina la baba yake Bibi wa Chini. Hakulijua. Alilolijua ni kwamba katika karatasi za safari ilibidi liandikwe jina la baba, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa nalo, liliandikwa la babu. Basi kwa mujibu wa serikali mbili Bibi wa Chini ni ndugu yake baba yangu. Nina shajara ya ukoo hapa ukutani, iliyochorwa na binamu yangu mmoja kwa wino wa rangi tatu, yenye vizazi saba, na yeye hayumo. Nilipomwambia binamu aliniandikia kwa adabu kwamba shajara ni ya damu, na kwamba karatasi za safari zilikuwa ni hila ya kuvuka mpaka.

Nilimweleza shangazi yote haya, na labda sauti yangu ilipanda. Nilimwambia habari za Kijakazi na za Zarifa, na za mzee wa bustanini aliyeulizwa na kijana mmoja swali la kweli na akalijibu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama ule mbuzi wa kukunia nazi aliokuja nao Bibi wa Chini kutoka Unguja bado ninao. Nikamwambia ninao, uko jikoni, meno yake yameliwa na kutu.

"Wewe ulikuwa ukikaa naye jikoni kila siku baada ya skuli," akasema shangazi. "Miaka kumi na zaidi. Mbona hukumuuliza?"